Mwanangu anaonewa na kiranja, naye amenisihi nisiende shuleni

Ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro. Ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko barazani kwangu, na hapo ndipo ninaposhona sare za shule na nguo za wateja wa mtaani. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, kwa hiyo humwona nyumbani kila anapopita kati ya Dar es Salaam na Tunduma, siku mbili tatu kisha anaondoka tena. Ninakuandikia kuhusu mtoto wetu wa pili, wa kiume, mwenye umri wa miaka 11, anayesoma darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali. Mtoto huyu ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Nyumbani tumekizoea kiasi kwamba hatukisikii tena.

Tangu shule zilipofunguliwa Januari amebadilika. Shati lake lilipokosa vifungo mara ya kwanza nilidhani ni michezo ya watoto. Lakini mimi ni fundi: kifungo kilichochoka hutoka na uzi wake na kukiacha kitambaa kizima, ila kifungo kilichovutwa kwa nguvu huondoka na kipande cha kitambaa. Mashati yake mawili yamechanika namna hiyo, palepale chini ya ukosi, mahali ambapo mtu humkunja mwenzake. Nilipomuuliza, alisema alianguka. Nikaanza kuangalia mengine. Anarudi na njaa ya mtu ambaye hajatia kitu kinywani, ilhali kila asubuhi ninampa shilingi 500 ya chai na mihogo. Anaamka kabla sijamwamsha na kutaka kuondoka gizani. Jumapili jioni tumbo linamuuma, Ijumaa jioni halimuumi. Kilichoniumiza kuliko vyote ni kwamba hataki tena kukaa karibu nami ninaposhona, yeye ambaye alipenda kunikatia nyuzi.

Ukweli niliupata kwa mtoto wa jirani anayesoma naye. Kiranja mkuu, kijana wa darasa la saba, hukaa getini asubuhi na daftari la wachelewaji, na anayeandikwa humo huchapwa. Mwanangu huandikwa hata akiwahi, asipotoa ile mia tano. Akipelekwa mbele ya mwalimu wa zamu na kujaribu kujieleza, maneno yanakwama, wenzake wanaiga mlio wa ta-ta-ta-ta, na uwanja mzima unacheka. Wamempa jina la Cherehani.

Nilipomweleza kwamba ninajua, alilia na kuniapisha nisiende shuleni. Alisema, "Mama, ukienda ndiyo utakuwa umenimaliza kabisa." Nikamwahidi kwamba sitakwenda. Usiku ule, nilipokuwa nikimchomekea chandarua, alisema heri angelala asiamke mpaka wale wa darasa la saba wamalize. Nilimwambia asiseme maneno kama hayo, akanyamaza.

Nilimgusia mwalimu wake wa darasa tulipokutana sokoni, bila kutaja jina la mtu. Alisema watoto wanataniana tu. Mume wangu naye alisema kwenye simu kwamba mtoto wa kiume hafundishwi kulialia, kwamba yeye alipitia makubwa zaidi bwenini na ndiyo yaliyomkomaza. Akirudi atamfundisha kurusha ngumi, na hilo likishindikana tumpeleke bweni. Tena kuna jambo jingine. Mama wa huyo kiranja tuko naye kwenye kikoba kimoja, ndiye mweka hazina wetu, na mwaka jana alinidhamini nilipokopa fedha za kununua cherehani ya pili.

Je, nivunje ahadi niliyompa mwanangu? Nimhamishe? Au nivumilie mpaka Septemba, wale wa darasa la saba watakapofanya mtihani na kuondoka?

Mama mwenye mashaka, Morogoro

JIBU

Dada yangu,

Nitayafikia maswali yako yote, ila naomba nianze na sentensi uliyoipita haraka, pengine kwa sababu ilikutisha: ile ya mtoto kusema heri angelala asiamke. Huenda alimaanisha alichosema na si zaidi, kwamba amechoka na anatamani Septemba ifike. Lakini huenda pia alikuwa anapima kama unaweza kuhimili jambo zito kuliko hilo, na jibu ulilompa, ingawa lilitoka kwenye mapenzi, lilimfunga mdomo. Yarudie mazungumzo hayo leo ikiwezekana, mkiwa wawili tu, na umuulize kwa maneno ya wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Wazazi wengi huogopa swali hili wakidhani litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema halipandikizi, na kwamba kuulizwa kwa upole humpunguzia mtu mzigo. Akijibu ndiyo, na hasa akieleza namna ambavyo angefanya, usisubiri baba yake arudi safari. Mpeleke hospitali, waeleze wazi kilichowapeleka, usimwache peke yake, na uondoe karibu naye vidonge, dawa ya panya na dawa za kuulia wadudu. Akijibu hapana, atakuwa amejua kwamba kwako hakuna neno lisilosemeka.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye mengine. Nilivyokuelewa, una mtoto anayenyang'anywa fedha ya chakula, anayechapwa kwa kosa asilotenda, na anayechekwa kwa namna anavyosema. Umefungwa na ahadi kwa mtoto, na hisani kwa mama wa kiranja. Mwenzako yuko barabarani na ana mtazamo wake. Na wakati huohuo unajilaumu kidogo, nimeliona hilo katikati ya mistari, kwa kuwa mashati yalikuwa mawili kabla hujauliza sana. Nakuomba ulitazame upya. Watoto wengi wanaoonewa huficha kwa ustadi mkubwa, na wazazi wengi huishia kuona matokeo ya mtihani yakishuka tu. Wewe ulisoma tundu la kifungo, ukalinganisha Jumapili na Ijumaa, ukapima njaa kwa fedha uliyotoa. Dalili za uonevu mara nyingi huwa hivyo hasa: hakuna moja inayotosha yenyewe, ila zikipangwa kwa siku na mahali, zinaanza kuonyesha njia.

Mwalimu wa darasa alisema ni utani. Simlaumu moja kwa moja, maana ulimgusia kwa mafumbo sokoni, akiwa na kikapu mkononi, na inawezekana kabisa kwamba hajui unachokijua wewe. Lakini sisi tunaujua utani. Mtani hukutania nawe ukamrudishia, na siku ya msiba ndiye anayekuja kushika jembe makaburini. Mwanao hana nafasi ya kurudisha. Mwanasaikolojia Dan Olweus, ambaye alianza kuuchunguza uonevu wa shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwa, na kati ya pande mbili kuna tofauti ya nguvu inayomfanya anayeonewa ashindwe kujitetea. Ukiyaweka hayo matatu mbele ya mwalimu, pamoja na tarehe na mashati, mazungumzo hayatakuwa tena juu ya utani.

Na hiyo tofauti ya nguvu ndiyo inayonifanya niulize kama tatizo lako kweli ni kijana mmoja. Tazama lilivyoundwa. Shule imemkabidhi mwanafunzi kalamu na daftari. Anachoandika kinageuka kuwa viboko. Na hakuna mtu mzima anayelinganisha jina lililoandikwa na saa ambayo mtoto aliingia getini. Kijana wa miaka 13 au 14 aliyepewa mamlaka ya namna hiyo bila msimamizi amewekwa mahali pabaya hata yeye mwenyewe, na sitashangaa ikiwa mwanao si mlipaji pekee pale getini. Kanuni za elimu kuhusu adhabu ya viboko, zilizotolewa mwaka 2002, zinaielekeza adhabu hiyo kwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, zinataka isizidi viboko vinne, na zinataka kila adhabu iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu. Mzazi anayeuliza kwa heshima mtoto wake ameadhibiwa mara ngapi tangu Januari, na kwa kosa gani, hajaleta ugomvi. Ikiwa mwanao aliondoka nyumbani gizani na bado ameandikwa mchelewaji mara kwa mara, kitabu hicho kitasema mengi ambayo ulimi wake unashindwa kuyasema.

Sasa ile ahadi. Umeipima kwa mizani mbili tu, ya kuitunza au kuivunja. Mimi ningependa kwanza kujua mtoto aliogopa nini hasa aliposema usiende. Watoto wamewahi kuona wazazi wakija shuleni: mama anaingia na kanga kiunoni wakati wa paredi, anapaza sauti, mtoto anaitwa mbele, mkosaji anachapwa hadharani, wanaambiwa washikane mikono, na kesho yake njia ya kurudi nyumbani ni ileile. Kama hiyo ndiyo picha aliyo nayo, ana haki ya kuiogopa. Kumkutanisha mtoto na anayemwonea ofisini ili wapatanishwe kunafaa kwa ndugu waliogombana. Kwa mtoto ambaye maneno yanamkwama anapoharakishwa, ni getini pale pale kwa mara nyingine. Muulize basi: nikienda, unadhani nini kitatokea, nani atasema nini, lini? Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha namna ya kwenda. Huenda akakubali uende saa za jioni wanafunzi wakiwa wametawanyika, uonane na mwalimu wa malezi na ushauri nasaha badala ya mwalimu wa zamu, na jina lake lisitajwe mbele ya wanafunzi. Huenda akakataa bado. Hapo utakuwa na uamuzi mgumu, na ukiamua kwenda, nadhani ni heri umrudishie ahadi yake ana kwa ana, umwambie kwamba uliahidi ukiwa umeshtuka na kwamba kuna mambo mzazi hawezi kuyanyamazia, kuliko yeye aje kugundua mwenyewe. Atakasirika. Hasira ya mtoto aliyeambiwa ukweli nimeiona ikipoa.

Kuhusu kigugumizi, naomba nikae hapo kidogo. Unasema nyumbani mmekizoea, na ninaamini hilo limemfanya awe huru kusema mbele yenu. Lakini je, kuna mtu aliyewahi kuzungumza naye juu yake? Mtoto anaweza kufika miaka 11 akiwa na jambo ambalo watu wa kwao hawalitaji kamwe na watu wa shuleni wanalitaja kwa kejeli tu, hivyo akakosa maneno mengine ya kulielezea. Mwambie anayopaswa kuyajua: kwamba kigugumizi hakitokani na woga wala upungufu wa akili, kwamba kinawapata zaidi watoto wa kiume, kwamba mara nyingi kinapita katika ukoo, kwamba takriban mtu mmoja kati ya mia anaishi nacho, na kwamba kinazidi mtu anapoharakishwa au kutazamwa. Msimmalizie sentensi, na msimwambie avute pumzi aanze upya, mngojeni tu. Shuleni unaweza kuomba aruhusiwe kujieleza kwa maandishi anapotuhumiwa. Ni ombi dogo, na linaondoa kile kicheko cha uwanjani kuliko hotuba yoyote juu ya maadili.

Ama kutokukaa karibu na cherehani, sidhani kama anakukimbia wewe. Nahisi, nawe unamjua kuliko mimi, kwamba anakukinga. Amekuta kazi inayomlisha na kumvisha imegeuzwa tusi lake, na hataki ujue. Sasa unajua, naye anajua kwamba unajua, kwa hiyo msilifanye jambo la siri tena. Si lazima umshawishi arudi kukata nyuzi. Mwachie mkasi mahali pake.

Mambo mengine matatu uliyoyataja nayaona yana hatari ambazo hazionekani haraka. Kungoja Septemba kunavutia, kwa kuwa kunakuepusha na kila mtu. Lakini daftari halitaondoka na darasa la saba. Litarithiwa, na anayelirithi atakuwa amejifunza kwa aliyemtangulia nani hulipa. Tena miezi ya kungoja, ambayo kwako ni kalenda, kwake ni kila asubuhi. Kumhamisha kunaweza kuwa nafuu ya kweli, na kuna watoto ambao mazingira mapya yaliwaokoa. Ila akihama kabla hajasikia kutoka kwa mtu mzima kwamba hakustahili aliyotendewa, anaweza kuibeba hukumu ile hadi shule mpya, pamoja na ulimi uleule. Bweni lina ugumu wake: mtoto wa kutwa anayeonewa hupata angalau jioni na kitanda chake. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mwanao amevuka mpaka huo kwa darasa moja tu.

Mama wa kiranja sina uhakika unamwogopa kwa lililo lake. Mwanamke aliyekudhamini anaweza pia kuwa mwanamke ambaye angependa kujua mwanawe anakusanya mia tano za watoto getini kabla hajalisikia kwa watu. Anaweza pia kukana, au kumchapa kijana usiku huohuo, naye kesho akalipiza kwa mwanao. Ndiyo maana wapo wanaoona heri shule ijue kwanza na uangalizi uwepo getini, kisha ndipo mama aendewe, faragha, si siku ya kikoba na si mbele ya wanachama. Wewe unaijua hulka yake. Nitakalosema ni kwamba mkopo aliokudhamini unaurudisha kwa fedha, na sidhani yeye mwenyewe angekubali kwamba sehemu ya marejesho ni chakula cha mwanao.

Endapo shule haitakusikia, una pa kuendelea: kamati ya shule, ofisa elimu wa kata, na ofisi ya ustawi wa jamii. Simu namba 116, ambayo ni ya huduma kwa mtoto na haitozwi, inaweza kupigwa na wewe au na mwanao mwenyewe. Na katika mazungumzo yenu, ukipata dalili kwamba wakubwa hao wanamgusa mwili kwa namna nyingine yoyote, au wanamjeruhi, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi ndilo mahali pake, bila kupitia kwanza kwa mtu yeyote.

Nimemwacha mume wako mwisho kwa sababu nadhani yeye si kikwazo kama unavyomwona. Mtoto mwenye umri wa miaka 11 kumrushia ngumi kijana wa darasa la saba mwenye daftari mkononi kutaongeza jina lake kwenye orodha, na baba, akitulizwa na kuelezwa habari za daftari, ataliona hilo mwenyewe. Kwenye simu alisikia "mtoto analia". Sidhani alisikia "mtoto analipishwa asichapwe". Lakini kuna neno jingine alilokudokeza, kwamba alipitia makubwa zaidi bwenini. Amewahi kukusimulia ni yapi? Wanaume wengi wa rika lake walifundishwa kwamba waliyotendewa yaliwakomaza, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaambia vinginevyo. Akirudi safari hii, kabla ya kubishana juu ya ngumi au bweni, muulize aliyemwonea alikuwa nani, alikuwa anachukua nini, na kama kuna mtu mzima yeyote aliyejua. Kama ataridhia, mtoto naye asikie.